Safari Moja, Karatasi Mbili: Tiketi ya Ndege Inaposomwa Kasuku

Wanaolinganisha mashirika ya ndege kwa safari ndefu huanza na yale yanayogusika: bei, nafasi ya magoti, chakula, filamu, adabu ya wahudumu. Skytrax ya London hutoa tuzo zake kila mwaka kwa vigezo vya namna hiyo, na kwa miaka kadhaa Ethiopian Airlines imekuwa ikitangazwa mfululizo kuwa shirika bora la Afrika. Sina ugomvi na tuzo hizo. Ila ukizisoma ukiwa Kasuku, ile komini ya mji wa Kindu, mkoani Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyo upande wa magharibi wa mto Lualaba, utaona zinaanza kuhesabu pale msafiri wa Maniema alipokwisha kumaliza sehemu ngumu kuliko zote. Zinamkuta ameketi, mkanda umefungwa. Hazimuulizi alifikaje kwenye kiti hicho.

Ndiyo maana napendekeza tuiweke kando orodha ya tuzo, tuisome tiketi yenyewe. Tuisome kama mhakiki asomavyo utenzi: muundo wake, wahusika wake, wakati wake, nafsi inayozungumza ndani yake, na zaidi ya yote pale inaponyamaza. Tiketi ni utungo mfupi wenye kanuni kali, na kanuni hizo zina historia.

Mwaka 1929, kifungu cha 3 cha Mkataba wa Warsaw kilitaja mambo ambayo tiketi ya abiria lazima iwe nayo: mahali na tarehe ilipotolewa, mahali pa kuondokea na pa kufikia, vituo vya njiani vilivyokubaliwa, jina na anwani ya mchukuzi, na tamko kwamba safari iko chini ya kanuni za dhima za mkataba huo. Mkataba wa Montreal wa 1999 ukapunguza. Yatosha kuonyesha mahali pa kuondokea na pa kufikia, na kama pote pawili pamo ndani ya nchi moja, kitajwe angalau kituo kimoja kilicho nje yake. Tena maelezo hayo yanaweza kuhifadhiwa kwa njia yoyote ile, si lazima karatasi. Kufikia Juni 2008, IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikuwa kimekomesha tiketi za karatasi zilizotolewa na mawakala. Leo tiketi ni namba ya tarakimu 13 iliyo ndani ya kompyuta. Karatasi tunayoikunja mfukoni ni nakala ya kumbukumbu tu.

Tazama kilichonusurika katika kupunguza kote huko. Sheria ilikubali kuachia anwani ya mchukuzi, ikakubali kuachia hata karatasi yenyewe. Haikukubali kuachia mahali pa kuondokea. Utungo huu unaweza kukosa karibu kila kitu, lakini lazima useme safari inaanzia wapi. Na hapo hapo ndipo tiketi ya mtu wa Kasuku inaposema jambo ambalo maisha yake hayalithibitishi.

Mchukue msafiri ambaye Kindu inamjua vizuri: mama mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kutafuta bidhaa. Kwenye ajansi anawekewa mezani njia mbili, ya Ethiopian kupitia Addis Ababa na ya Kenya Airways kupitia Nairobi. Namba ya tiketi ya kwanza inaanza na 071, ya pili inaanza na 706. Angekuwa anakwenda kwa ndugu zake Ubelgiji kwa Brussels Airlines, ingeanza na 082. Tarakimu hizo tatu ni sahihi ya mwandishi. Zinamtaja aliyetoa ahadi, na kwa hiyo zinamtaja wa kudaiwa. Chini yake zinafuata safu za safari, kila uwanja kwa herufi tatu: FIH kwenda ADD, ADD kwenda CAN; au FIH kwenda NBO, NBO kwenda CAN. FIH ni N'Djili, Kinshasa.

Kindu nayo ina herufi zake tatu: KND. Zimesajiliwa, zinatambulika na kompyuta ile ile. Hazimo kwenye karatasi yoyote kati ya hizo mbili. Ziko kwenye karatasi nyingine, ya kampuni ya ndani ya nchi, iliyonunuliwa peke yake, yenye namba yake na masharti yake, ambayo haijui lolote kuhusu Guangzhou.

Niliwahi kuketi nikasikiliza mazungumzo ya namna hii kwenye ajansi moja. Mama aliuliza swali ambalo mhakiki yeyote angelionea wivu:

“Papa, ile ndege ya hapa Kindu ikichelewa, ile kubwa ya Kinshasa itaningoja?”

“Haitakungoja, mama.”

“Na nimeshalipa?”

“Umelipa, mama. Lakini ile kubwa haikujui kama unatoka Kindu. Yenyewe inajua unatoka Kinshasa.”

Jibu hilo ni uhakiki kamili wa muundo. Katika tiketi moja yenye safu tatu, safu ya kwanza ikivunjika, zile mbili zinazofuata zinatikisika pamoja nayo, na aliyetia sahihi hana budi kumtafutia abiria ndege nyingine. Mkataba wa Montreal wenyewe unasema kwamba safari inayofanywa na wachukuzi kadhaa huhesabiwa kuwa moja isiyogawanyika, iwapo wahusika waliichukulia kuwa shughuli moja, hata kama iliandikwa katika mikataba zaidi ya mmoja. Lakini hapa wahusika hawakuichukulia hivyo. Mwenye 071 hakuwahi kuambiwa kuhusu Kindu, na kampuni ya ndani haikuwahi kuambiwa kuhusu Addis. Kwa mama safari ni moja. Kwa maandishi ni safari mbili ambazo zimebahatika kuwa na abiria mwenye jina moja. Yale masaa au masiku yaliyo kati ya karatasi ya kwanza na ya pili hayana mwandishi. Hakuna aliyeyatilia sahihi isipokuwa yeye mwenyewe, kwa fedha yake.

Sasa chukua ramani na rula. Weka ncha moja juu ya Kinshasa na nyingine juu ya Nairobi, kisha uangalie mstari unapita wapi. N'Djili iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, Nairobi nyuzi 1 na kitu, na Kindu, iliyo karibu katikati ya njia hiyo, iko nyuzi 3 kasoro kidogo. Mstari unapita juu ya Kindu, au karibu sana nayo. Maana yake mama anaruka zaidi ya kilomita 1,100 kwenda magharibi, analala Kinshasa, analipa hoteli na teksi, halafu akichagua Kenya Airways anarudishwa mashariki kwa njia ambayo, ikinyooka, inampitisha angani juu ya mji alioutoka. Tiketi ya 706 inaonyesha mahali pa kuondokea na mahali pa kufikia, na hicho kinachopitwa katikati si sehemu ya utungo. Wala sioni kosa la Kenya Airways katika hilo. Ndege kubwa hutua penye abiria wa kutosha, mafuta, na njia ya kurukia inayolingana nayo. Ninachosema ni kwamba muundo wa safu mbili, uondoko hapa na ufiko pale, umeumbwa kwa ajili ya mtu ambaye nyumba yake iko karibu na safu ya kwanza. Mtu wa Nairobi anaposoma NBO anasoma mji wake. Mtu wa Kasuku anaposoma FIH anasoma mji wa watu wengine, ambao hata saa yake ni tofauti: Kindu iko saa moja mbele ya Kinshasa, ndani ya nchi moja.

Milango mingine ilikuwepo. Ethiopian ilikuwa ikitua Goma, na kwa watu wa mashariki uwanja huo ulikuwa njia fupi ya kwenda duniani bila kuizunguka nchi nzima. Januari 2025 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja ukafungwa. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu na uwanja wake wa Kavumu. Kigali iko umbali usiofika kilomita 500 kutoka Kindu kwa mstari ulionyooka, chini ya nusu ya umbali wa Kinshasa, na RwandAir ina ndege za moja kwa moja kwenda Ulaya. Lakini Februari 2025 Kongo ilifunga anga yake kwa ndege za Rwanda, na hata zile za London na Paris zikalazimika kuzunguka. Weka matukio hayo pembeni ya jedwali lolote la kulinganisha mashirika na utaona jinsi lilivyo kimya. Jedwali linasema RwandAir ina nyota ngapi. Halisemi kama mtu wa Maniema anaweza kuifikia.

Turudi kwenye karatasi, maana bado haijaisha. Wakati katika tiketi huandikwa kwa saa za mahali, na tarehe hugeuka saa sita usiku. Ndege nyingi za masafa marefu kutoka Afrika huondoka usiku mwingi, na hapo ndipo watu hupotea: 00:30 ya tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, si usiku wa tarehe 12 yenyewe. Anayefika uwanjani tarehe 12 jioni amekwisha kuachwa tangu usiku uliopita. Alama ya +1 iliyowekwa mbele ya saa ya kufika inabeba usiku mzima katika herufi mbili. Ni ufupi unaohitaji msomaji aliyezoea, na wakala mwema huichukua kalamu akaandika kwa mkono, pembeni, siku ya kuondoka nyumbani. Maandishi hayo ya pembeni nayathamini kuliko nembo yote iliyoko juu.

Halafu kuna masharti. Katika masharti ya kale ya tiketi, yaliyochapwa kwa miongo mingi nyuma ya kila kijitabu na ambayo roho yake ingali hai katika mikataba ya leo, imeelezwa kwamba saa zilizoonyeshwa hazina dhamana na si sehemu ya mkataba. Hebu ona utungo unavyojipinga. Ukurasa wa mbele unataja dakika. Ukurasa wa nyuma unazifuta. Mbele anazungumza mwenyeji anayekukaribisha, nyuma anazungumza wakili wake. Mashirika yote makubwa yana nafsi hizi mbili, kwa hiyo sitaki kumwonea mmoja wao. Tofauti yao ni nini kinatokea baada ya dakika kufutwa. Mwenye ndege nyingi anaweza kukupandisha inayofuata. Mwenye ndege chache atakuomba subira. Hapo ukubwa wa Ethiopian unakuwa na maana halisi kwa abiria, kuliko chakula chake.

Na kuna mstari mdogo ambao wengi huuruka: ule unaosema safari hii inaendeshwa na shirika jingine. Kenya Airways iliingia muungano wa mashirika wa SkyTeam mwaka 2010, baada ya ushirika wa muda mrefu na KLM ulioanza 1996. Brussels Airlines iliingia muungano mwingine, Star Alliance, mwishoni mwa 2009, na Ethiopian ikaifuata Desemba 2011. Kwa hiyo mtu anaweza kununua jina moja akasafiri ndani ya jina jingine, na ulinganisho aliofanya kwa wiki nzima ukawa ni wa jina lililomo kwenye namba tu. Sioni ubaya. Ushirika huo ndio uwezo ambao mama wa Guangzhou angeuhitaji: sahihi moja inayokubali kubeba safu za watu wengine. Ulaya na Marekani unatumika kila siku kuwaunganisha watu wa miji midogo. Swali ni kwa nini haufiki Kindu.

Sehemu ya jibu imo katika utungo mwingine, mkavu zaidi: orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake, iliyotoka kwa mara ya kwanza Machi 2006. Baadhi ya nchi hutajwa humo kwa kampuni moja moja. Kongo, kama nchi nyingine kadhaa, imo kwa namna ya jumla: mashirika yote yaliyopewa kibali na mamlaka za nchi hiyo, kisha ndiyo majina yanafuata. Muundo wa sentensi hiyo ndio hukumu yenyewe. Kampuni mpya inazaliwa Kinshasa ikiwa tayari imo ndani ya neno “yote”, kabla haijarusha ndege hata moja. Sipuuzi sababu zilizopo. Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora iliangukia mtaa wa watu Goma; Julai 2011 nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilianguka Kisangani; Machi 2013 ndege ya CAA iliyotoka Lodja ilianguka Goma. Watu wetu ndio waliokufa, hivyo sisi ndio wenye haki ya kwanza ya kudai usalama. Lakini matokeo yake kwa utungo wa tiketi ni haya: shirika la Ulaya haliwezi kuweka namba yake juu ya ndege ya kampuni iliyomo kwenye orodha hiyo, basi safu ya KND inabaki nje, na mama anaipanda ndege ile ile bila mtu wa kumdai zaidi ya kampuni yenyewe. Orodha imemlinda Mzungu asiipande. Mama imemwachia karatasi ya pili.

Hali haikuwa hivi daima. Rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili, siku 51, na baada yake Sabena, shirika la Ubelgiji, ikajenga mtandao ambao ndani yake kampuni moja ilishika safari za ndani ya koloni na ile ya Ulaya. Mwandishi alikuwa mmoja, ingawa wasomaji wake walikuwa hasa wakoloni, na hilo nalo ni sehemu ya maana ya tiketi ile. Air Congo ya 1961, iliyokuja kuitwa Air Zaïre mwaka 1971, iliurithi muundo huo chini ya bendera ya nchi yenyewe: mikoani na Brussels chini ya paa moja, hadi ilipokufa 1995. Wazee wa Kindu wanapoikumbuka Air Zaïre hawakumbuki kiti. Wanakumbuka kwamba mtu aliweza kumdai mmoja.

Kuna tofauti moja ya fani kati ya karatasi ya ndani na ya nje ambayo siwezi kuiacha. Tiketi ya nje ina sehemu mbili za jina: la ukoo, mkwaju, kisha la kupewa. Mkongomani ana matatu: jina, jina la baadaye lililoingia na siasa ya uhalisi ya Mobutu mwaka 1972, na lile la ubatizo au la dini. Kwenye karatasi ya ndani wakala huandika mawili yoyote yanayojulikana mtaani. Kwenye ya nje lazima yafanane na pasipoti, na mfumo huyagandamiza mawili ya kwanza bila nafasi kati yake. Mhusika mkuu wa utungo anabadilika jina katikati ya hadithi, na anayeulizwa kuhusu hilo kwenye kaunta ya N'Djili ni yeye. Pia tangu 2009 kuna Go-Pass, ile tozo ya miundombinu ya viwanja, iliyoanza kwa dola 50 kwa safari ya nje na 10 kwa ya ndani. Ililipwa pembeni ya tiketi, kwa kikaratasi chake. Bei iliyolinganishwa mezani kwa ajansi haikuwa imeihesabu.

Basi ni shirika gani bora kwa anayeondoka Kasuku? Kwa ndege yenyewe, Ethiopian na Kenya Airways zote zinatumia Boeing 787 katika njia ndefu, na ningempeleka mzazi wangu kwa yoyote kati yao bila wasiwasi. Kwa aendaye Ubelgiji, Brussels Airlines ina uzuri wa kuruka kutoka Kinshasa bila kubadilisha nembo. Lakini kwa kigezo nilichokitumia hapa, kile cha nani anayeweza kuandika KND katika safu ya kwanza, anayekaribia zaidi ni Ethiopian, na sababu si tuzo. Desemba 2024 Air Congo mpya ilianza kuruka ikiwa na Boeing 737-800 mbili, serikali ya Kongo ikishika asilimia 51 na Ethiopian 49. Sasa mwenye ndege kubwa ana hisa katika ndege ya mikoani. Hisa zikigeuka kuwa safu, yaani Kindu, Kinshasa, Addis na Guangzhou zikakaa chini ya namba moja, begi likapewa kibandiko kimoja hadi mwisho na kuchelewa kwa Kindu kukawa tatizo la Addis, hilo litakuwa badiliko kubwa kuliko kiti chochote kilichowahi kupewa nyota. Zikibaki hisa tu, abiria hatazisoma popote.

Hadi hapo anayelinganisha aulize jambo moja kabla ya bei: karatasi hizi zina namba ngapi? Kama ni mbili, aache angalau siku mbili kati ya ndege ya Kindu na ile kubwa. Aulize uzito wa mzigo wa kila karatasi peke yake, maana vipande viwili vya kilo 23 vilivyoahidiwa Guangzhou si ahadi ya kampuni itakayompokea Kinshasa wakati wa kurudi. Kisha hoteli, teksi, Go-Pass na kilo za ziada azijumlishe kwenye ile tiketi iliyoonekana rahisi, ndipo aseme ipi ni rahisi.